Mzee Makopo Alivyopaka Gari Kama Ukuta

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mzee Makopo hakuzaliwa Makopo. Jina hilo alipewa na mtaa, na mtaa ukishakubandika jina, hata mama yako mzazi ataishia kukuita hivyohivyo. Alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Kazi hiyo aliianza kabla hajaota ndevu, akaendelea nayo mpaka ndevu zikaota, zikajaa, zikaanza kuwa nyeupe bila kupakwa na mtu. Kila alikomaliza kazi aliomba jambo moja tu: kopo lolote lililobakiwa na chochote ndani. Wenye nyumba walimpa kwa moyo mweupe, maana nani anataka kukaa na robo kopo la rangi ya waridi? Basi stoo yake ya nyuma ya nyumba ikafurika makopo kuanzia sakafuni hadi darini. Mkewe alikuwa akisema humo ndani mna rangi ya kutosha kuipaka dunia nzima, tatizo ni kwamba kila nchi itapata kijiko kimoja.

Sasa gari lake. Jamani, lile gari! Lilikuwa gari dogo la milango minne, na kila mlango ulikuwa na historia yake. Boneti ilikuwa nyekundu kwa sababu ilitolewa kwenye gari jingine lililopata ajali. Mlango wa dereva ulikuwa wa kijivu, ile rangi ya chini ambayo mafundi hupaka wakisubiri mteja alete pesa za rangi yenyewe, na mteja asilete. Paa lilikuwa limebabuka, buti lilifungwa kwa waya, na mahali pengine rangi ya zamani ilikuwa imekwenda zake kabisa ikaacha kutu. Lakini injini ilikuwa nzima. Ukiwasha inawaka, ukizima inazimika. Mzee Makopo alibebea ngazi humo, ndoo, mabrashi, mbao za jukwaa na mke, na gari halikuwahi kumwangusha njiani. Kwa hiyo kwake lilikuwa gari zuri. Nje hakukuona; mtu akishalizoea gari lake haoni tena rangi, anaona usukani tu.

Alikuwa na binti mmoja, na huyo ndiye tangu utotoni tulimwita Nesi, kwa sababu alikuwa akiwafunga kuku bandeji kabla hata hajaanza shule. Kuku wazima, hawana hata mchubuko, wanazunguka uani na miguu imeviringwa vitambaa. Tulicheka, kumbe mtoto hakuwa anatania. Alisoma, akawa nesi kweli, na miezi ile ya mafunzo hospitalini baba yake alimpeleka kila asubuhi kwa gari lile. Walipokaribia, kwenye kona ya mwisho kabla ya hospitali, Nesi alikuwa akisema, "Baba, nishushe hapahapa. Napenda kutembea kidogo asubuhi." Mzee Makopo akawa anajisifu kwa jirani yake, fundi wa kuchomelea vyuma, kwamba binti yake anajali afya, siyo kama watoto wa siku hizi wanaotaka gari liwafuate mpaka kitandani.

Habari njema ikaja: Nesi ameajiriwa. Jumatatu anaanza kazi rasmi, siyo mwanafunzi tena. Mzee Makopo alifurahi mpaka akacheza peke yake uani, na kucheza kwake, tusitie chumvi, ni kama mtu anayejaribu kuvua kiatu bila kutumia mikono. Jioni hiyo, Nesi akiwa amekwenda kukaa siku chache kwa shangazi yake ashonewe sare, Mzee Makopo akamwambia mkewe, "Jumatatu nitampeleka mwenyewe. Sijui kama siku hiyo nayo atataka kutembea."

Mkewe aliweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua.

"Baba Nesi," akasema, "hivi kweli hujui, au unajifanya?"

"Kujua nini?"

"Mtoto anaona haya. Wenzake waliwahi kuliona gari. Wakalicheka mpaka basi. Mmoja akamuuliza kama hilo ni gari moja au ni magari yamefanya kikao. Tangu siku hiyo anashukia kwenye kona."

Mzee Makopo alihamaki. Alisema gari hilo ndilo lililolipa ada! Gari hilo ndilo lililombeba usiku ule alipougua homa! Wenzake wenyewe ni akina nani, wanakuja kazini na ndege? Aliendelea hivyo kwa muda, mkewe akimwangalia tu, mpaka maneno yakamwishia. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Iliuma, bwana. Na kilichouma zaidi haikuwa gari kuchekwa. Kilichouma ni kwamba mtoto alimficha kwa upole, kila asubuhi, na tabasamu, na "kazi njema baba" juu yake. Alikuwa anamwonea huruma. Hakuna baba anayependa kuonewa huruma na mtoto aliyemfundisha kufunga vifungo vya shati.

"Basi Jumatatu," akasema hatimaye, "nitamfikisha mpaka getini. Na hatajificha."

Asubuhi yake alikwenda gereji kuulizia kupuliziwa rangi gari zima. Mwenye gereji alilizunguka gari, akaguna, akalizunguka tena, kisha akataja bei. Mzee Makopo akamuuliza kama bei hiyo ni ya kupaka gari au ni ya kununua gereji. Waliagana kwa heshima. Lakini pale nje mtu mmoja aliyekuwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyoonekana, alimwambia bila kutoka, "Mzee, kama huna hela, watu wanapaka kwa rola. Rangi ya mafuta, unaitia tina iwe nyepesi, unapaka mikono mingi myembamba, tabaka juu ya tabaka, unasugua na msasa kati ya mkono na mkono. Inatoka poa tu."

Rola! Mzee Makopo nusura aivute ile miguu aikumbatie. Kama ni rola, basi gari limekuja kwa mwenyewe. Ameshika rola kuliko alivyoshika kijiko.

Akaliegesha gari nyuma ya nyumba, akaanza kazi. Na hapa nisiwe mchoyo wa sifa: kazi aliifanya. Alilisafisha kwa sabuni mpaka likatoa harufu ya nguo za watoto. Alilisugua kutu kwa msasa mkavu, akalisugua tena kwa msasa wa maji, vumbi jekundu likamjaa masikioni. Mashimo akayaziba kwa puti, akayalainisha kwa kiganja huku amefumba macho, maana yeye huamini kiganja kinaona kuliko jicho. Madirisha na taa akazifunika kwa magazeti. Jirani yake wa vyuma akachungulia juu ya ukuta.

"Jirani, unapaka gari au unafunga zawadi?"

"Wewe choma vyuma vyako."

"Nauliza tu. Nikiona utepe nitajua."

Kisha ikaja habari ya rangi yenyewe. Mzee Makopo alifungua stoo, akayatoa makopo yote uani, akayafungua moja moja kwa bisibisi. Mengi yalikuwa yamekauka, mengine yameota ngozi juu kama maziwa. Yaliyokuwa mazima yalikuwa mawili makubwa: kopo la kijani kibichi kizito, na kopo la rangi ya maziwa. Rangi ya mafuta safi, ya kung'aa, ile ambayo ukiipaka unaweza kuchania nywele mbele yake. Ilibaki kwenye kazi kubwa aliyofanya mwaka uliopita, msimamizi akamwambia achukue. Alikuwa akiitunza kwa ajili ya jambo maalumu, na kama hili si maalumu basi lipi tena?

Tatizo likawa moja. Kijani kisingetosha gari zima. Ya maziwa nayo isingetosha. Ukizichanganya unapata rangi ya mchicha uliosahaulika jikoni, hapana. Akakaa, akafikiri, akalitazama gari jinsi anavyoutazama ukuta kabla ya kuanza. Na hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama, ila yeye hakujua.

Mtu aliyepaka kuta maisha yake yote ana sheria kichwani ambazo hajawahi kuziandika. Chini, mahali panaposhikwa na mikono, panapopigwa na viatu na kurushiwa matope, panawekwa rangi nzito. Juu, rangi nyeupe nyeupe, iongeze mwanga. Katikati, mstari. Shule ziko hivyo, ofisi ziko hivyo, korido zote duniani ziko hivyo. Mzee Makopo akajipiga kofi pajani kwa furaha. Chini kijani, juu maziwa! Rangi itatosha, matope yakiruka hayataonekana, kila kitu mahali pake. Akashangaa kwa nini viwanda vya magari havijaliona jambo hili.

Akachukua uzi wake wa chaki. Ni uzi tu uliopakwa vumbi la chaki. Unauvuta ukakazika kutoka huku hadi huku, unauachia, pa! mstari umenyooka ukutani. Lakini kabla ya uzi akaweka pima maji juu ya boneti, kwa sababu yeye hachori mstari bila pima maji. Pima maji ikakataa. Gari lilikuwa limelalia upande wa dereva, springi za upande huo zimechoka, na anayekaa upande huo si mwembamba. Mtu mwingine angesema potelea mbali. Yeye akatafuta vipande vya mbao, akalipiga jeki, akalisawazisha gari kama anajenga msingi wa nyumba. Mkewe alipita na beseni la nguo, akaona mumewe amelala kifudifudi akichungulia kipovu cha pima maji.

"Unapima nini?"

"Usawa."

"Wa gari?"

"Sasa wa nini?"

Mkewe akaenda zake kuanika. Alikuwa ameishi naye muda wa kutosha kujua wakati wa kuuliza na wakati wa kuanika.

Basi rola ikaanza. Mkono wa kwanza, ukakauka, msasa. Mkono wa pili, ukakauka, msasa. Alikuwa akiimba kwa pua. Kila alipomaliza mkono mmoja alilifunika gari kwa turubai alilolitundika juu ya kamba, vumbi lisishike. Watu walisikia sauti ya rola tu na harufu ya tina, hawakuona kitu. Jumapili mchana akabandua karatasi alizokuwa amebandika mpakani rangi zisiingiliane, akachukua brashi nyembamba na kupitisha mstari mweusi mahali kijani kilipokutana na maziwa, kuzunguka gari lote, akishikilia pumzi. Mkono haukutetemeka hata mara moja. Akalitoa turubai.

Gari liling'aa, hilo lazima niseme. Hakuna doa, hakuna mchirizi, hakuna unywele wa rola. Lilikuwa limepakwa kwa mapenzi. Mzee Makopo alisimama mbele yake, mikono kiunoni, mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Mkewe akatoka na chai. Akasimama. Akalitazama gari, akamtazama mumewe, akalitazama gari tena. Akainywa chai mwenyewe.

Ukutani kikachomoza kichwa cha fundi wa vyuma, na miwani yake ya kuchomelea. Akaipandisha miwani juu ya paji la uso polepole.

"Jirani," akasema, "wagonjwa mnaanza kupokea saa ngapi?"

"Wagonjwa gani?"

"Rudi nyuma. Rudi, rudi mpaka langoni. Haya, geuka sasa."

Mzee Makopo akarudi hadi langoni, jinsi mafundi wa rangi wanavyofanya kila kazi ikiisha, akageuka. Macho yakamtoka. Kwa karibu alikuwa ameona mstari ulionyooka. Kwa mbali aliona korido. Aliona kijani kibichi chini na maziwa juu na mstari mweusi katikati, aliona mabenchi ya kusubiri ambayo hayakuwapo, karibu asikie mtoto analia kwa sindano. Na alikumbuka ile kazi kubwa ya mwaka uliopita ilikuwa wapi. Alikuwa amepaka hospitali. Hospitali ileile. Ameichukua hospitali anayofanyia kazi binti yake akalivika gari, na kesho ndiyo Jumatatu.

Fundi wa vyuma alikuwa haonekani tena, alikuwa amekaa chini upande wake wa ukuta, mbavu hana.

Nesi alirudi kutoka kwa shangazi saa hiyohiyo, sare yake nyeupe imekunjwa mkononi. Akafika langoni akasimama kando ya baba yake. Wakalitazama gari pamoja.

"Baba," akasema mwishowe. "Hii ni wodi."

"Nimeona, mama."

"Imepakwa vizuri," akasema Nesi, kwa upole uleule, na upole huo ukamkata maini kuliko kutukanwa. Akaingia ndani. Mama yake akamfuata, wakakaa chumbani muda mrefu na mlango umefungwa. Mzee Makopo hakwenda kusikiliza. Alikuwa anafungua makopo upya, labda liko moja alilosahau. Hakuna. Zilibaki rangi za vijiko tu.

Asubuhi Nesi alitoka na sare yake, nyeupe pee, viatu vyeupe, kofia kichwani. Alipendeza hata baba yake akasahau shida zake kidogo. Akamfungulia mlango wa mbele. "Usiegemee ubavuni," akamwambia, "rangi haijashika sawasawa." Wakaondoka.

"Leo nikushushe wapi?" akauliza, macho mbele.

Nesi aligeukia dirisha. "Palepale kwenye kona, baba. Nitatembea."

"Sawa, mama."

Alijikaza. Aliendesha. Na njiani yakaanza mambo. Askari wa barabarani aliyekuwa amesimamisha magari yote akawaona, akazuia upande wa pili, akawapungia mkono wapite haraka. Mwendesha pikipiki akajitupa kando kuwapisha. Mama mmoja aliyeketi kibarazani akasimama akamwamkia Mzee Makopo, "Shikamoo daktari," na yeye, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaitika. Nesi akateleza chini kwenye kiti mpaka kikabaki kikofia tu dirishani.

"Baba, usiwaitikie!"

"Nimnyamazie mtu mzima?"

Walipokaribia ile kona, kijana mmoja akaruka katikati ya barabara, mikono yote juu. Mzee Makopo alikanyaga breki za kufa na kupona. Kando ya barabara palikuwa na mkokoteni wa kubebea mizigo, na juu ya mkokoteni, amelazwa kwenye godoro, bibi kizee mwenye sauti isiyo na ugonjwa wowote.

"Afadhali mmefika!" kijana akasema, anahema. "Tumepiga simu hospitali tangu alfajiri, wanasema gari linakuja, linakuja. Bibi ameanguka bafuni, hawezi kusimama."

"Kijana wangu," Mzee Makopo akaanza, "unaona, hili gari si la..."

Hakumaliza, kwa sababu mlango wa upande wa pili ulikuwa wazi na Nesi hayupo. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya mkokoteni, kashika mkono wa bibi, anamuuliza anaumwa wapi, aligonga kichwa au hakugonga, anasikia vidole vya mguu au hasikii. Mzee Makopo hakuwahi kumwona akifanya kazi. Alikuwa amemwona na kuku tu. Mtoto alikuwa mwingine kabisa. Sauti imetulia, mikono inajua inakokwenda.

"Ni nyonga," akasema. "Baba, sogeza kiti cha mbele chote. Wewe kaka shika godoro huku, tunamwinua nalo hivyohivyo, usimkunje. Moja, mbili, haya!"

Bibi akaingia na godoro lake, miguu mbele, kijana akajibana kando ya dereva, na bibi akatoa maoni njia nzima. Alisema hii ambulansi ni ndogo. Alisema dereva mzee sana. Alisema haelewi kwa nini serikali imeweka vitambaa vya kufuma kwenye viti, lakini vimefumwa vizuri na angependa kujua na nani. Nesi alikuwa amejikunja nyuma, ameshikilia ule mguu usitikisike, ubavu wa sare yake tayari una mchirizi mpana wa rangi ya kijani kutoka mlangoni.

Wakafika kwenye kona. Mguu wa Mzee Makopo ukapunguza mwendo wenyewe. Akatazama kwenye kioo.

"Baba, mbona unasimama?" Nesi akasema. "Twende! Ingia mpaka mapokezi!"

Mlinzi wa geti aliwaona kwa mbali. Akafungua lango lote, yale mabawa mawili, akakakamaa, akapiga saluti. Mzee Makopo aliingiza gari hadi kwenye mlango wa dharura, na lilipoegeshwa pale kando ya ukuta, mstari wa gari na mstari wa ukuta ilikutana sawasawa, ungedhani ukuta umeota magurudumu. Wahudumu wakaja na kitanda. Bibi akatolewa. Barazani walikuwa wamesimama manesi wenzake Nesi, vikombe mkononi, wanaingia zamu, na midomo imeachama. Mmoja alianza kucheka akajizuia, akashindwa.

Kisha akatoka matroni, mama wa watu mwenye kifua cha kupokea nishani.

"Hili gari ni la nani?" akauliza. "Nani ameniletea gari jipya hospitalini kwangu mimi sina habari?"

Mzee Makopo aliwatazama wale wenye vikombe. Akamtazama binti yake, siku yake ya kwanza, sare ina rangi. Alielewa kwamba ndio hao waliocheka mara ya kwanza, na kwamba sasa amewaletea cha kucheka mpaka wastaafu. Akaivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi.

"Samahani, mama," akasema. "Mimi dereva tu. Huyu kijana amenikodi. Huyu nesi simjui, nimempakia njiani. Naondoka sasa hivi."

Nesi alikuwa ameshaingia nusu mlangoni, mkono kwenye kitanda cha bibi. Akasimama. Akageuka.

"Baba, unasema nini?"

Mzee Makopo alimtikisia kichwa, kidogo tu, kama kumwambia nyamaza, ingia ndani, usijiharibie. Lakini Nesi alikuwa ameshaanza kurudi.

"Matroni, huyu ni baba yangu. Gari ni lake. Amelipaka mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa rola, na mabaki ya rangi, ili leo anifikishe mpaka hapa. Jana mama ndiye aliyeniambia. Kwa sababu miezi yote hii nilikuwa nashukia kwenye kona, msimwone." Akawatazama wenzake wenye vikombe. "Na hata leo asubuhi nilimwambia anishushe kwenye kona. Nikiwa na la kuonea haya ni hilo. Siyo gari."

Yule aliyecheka akaanza kuangalia ndani ya kikombe chake.

Matroni alilizunguka gari lote. Akapitisha kidole juu ya mstari mweusi, kikarudi cheusi.

"Kumbe wewe ndiye uliyetupakia hospitali," akamwambia Mzee Makopo. "Nyuma ya mlango wa wodi ya watoto hukupaka."

"Nilipaka, mama. Labda mlango mnaufunga na kuufungua."

"Mlango si ndivyo unavyofanya?"

Hapo hata bibi wa nyonga alicheka, akajuta, akalia "uwi!" Nesi akamwendea baba yake dirishani, akamnyooshea kofia iliyokuwa imemfunika macho.

"Jioni unifuate," akasema. "Usisimame nje. Ingia mpaka hapahapa, mimi nitakuwa hapa nakusubiri." Kisha akakimbilia kitanda cha bibi, ubavu wake wa kijani ukapotea ndani ya korido ya kijani.

Mzee Makopo alitia ufunguo, lakini hakuuzungusha. Aliweka mikono juu ya usukani. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, yakashuka kwenye ndevu, na hakuona haya hata kidogo, mtu mzima, mbele ya watu wote wale na vikombe vyao. Alikaa hivyo mpaka mlinzi wa geti akaja akagonga kioo, taratibu, akainama.

"Shikamoo mzee. Pole. Lakini sogeza gari, tafadhali. Nyuma yako kuna ambulansi ya kweli."